Jumatatu Mahakamani Bila Wakili Wetu

Simu ya msiba ilinikuta sokoni Katonga nachagua samaki aina ya migebuka, na swali la kwanza kunitoka, Mungu anisamehe, lilikuwa hili: "Na kesi ya yule mama?" Wakili wetu amefariki, presha imemchukua asubuhi akijiandaa kwenda kazini, na mimi nimeingiwa na hofu hata kabla ya huzuni. Nivumilieni, wasomaji wangu. Huzuni itakuja, lakini kesi ni Jumatatu.

Tulijuana kwa kubishana. Kampuni yao ya mawakili hapa Kigoma mjini ilijiwekea utaratibu wa kuwatetea bure wasio na uwezo, na mimi kwa mdomo wangu huu nikamwambia cha bure huwa kina ndoana ndani. Akacheka: "Njoo uitafute hiyo ndoana." Nikaenda, nikamkuta na mama mmoja wa Kagunga, kijiji cha mpakani mwa ziwa, aliyetoka kushtakiwa kwamba anaishi nchini bila kibali. Kosa lake lilikuwa kujibu ukweli. Kwao, binti aliyeolewa hurudi kwa mama yake kujifungua uzazi wa kwanza, akandwe maji ya moto, anyweshwe uji, ndipo arudi kwa mumewe na mtoto mgongoni. Bibi wa mama huyu aliishi Burundi, vilima vya jirani tu, basi huko akazaliwa, akarudishwa Kagunga kwa baba yake, Muha na mvuvi, kabla hajakaza shingo. Maafisa walipomuuliza amezaliwa wapi, akajibu kwa fahari: "Kwa bibi yangu, ng'ambo. Mimi ni uzazi wa kwanza!" Akapandishwa boti kuletwa mjini. Akishindwa kesi atavushwa mpaka, na wanawe watabaki huku.

Wakili alimtoa kwa dhamana, akamweleza kwamba mtoto wa baba Mtanzania ni Mtanzania hata akizaliwa ng'ambo. Tatizo ni kwamba baba alikufa bila kuacha karatasi yoyote, kwa hiyo ilibidi apatikane mtu aliyemjua. Tukaenda Kagunga pamoja. Kila nyumba ilitukaribisha, ikatulisha ugali na dagaa, ikatukatalia. Mzee mmoja aliyevua na baba huyo katika mtumbwi mmoja alisema bila kututazama, "Wakili, na mimi ni uzazi wa kwanza. Wakiniuliza, nitajibu nini?" Nilitegemea hotuba. Wakili akamwambia, "Mzee wangu, woga si dhambi. Mimi mwenyewe tumbo hunivuruga kila asubuhi ya kesi." Mzee alicheka mpaka akakohoa, na bado akakataa.

Tangu siku ile nimeiona hofu hiyo kila mahali mwambao huu. Watu waliozaliwa, wakalima na kuzika wazazi wao hapa wanashusha sauti wakiulizwa kwa bibi yao ni wapi. Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji, walisema wahenga, lakini sisi tukisikia wembe tunajificha. Nimeacha kuitafuta ndoana. Kazi ya yule bwana haikuwa kusoma vifungu tu, alikuwa akizunguka kuwaomba watu waoga wasikae kimya, tena bila kulipwa.

Tulimzika Ujiji. Mama yule alinishika mkono makaburini: "Jumatatu nitasimama na nani?" Wakili mwenzake marehemu, dada mmoja wa kampuni ileile, akasema faili analo yeye na atasimama bure vilevile, ila bila shahidi hawezi kuahidi kitu. Ndipo yule mzee wa Kagunga, aliyepanda boti kuja kuzika, akasogea. "Ego, ndiyo, nitakuja. Baba yake nilimjua. Na wakiniuliza mimi nilizaliwa wapi, sitadanganya." Dada akasema, "Basi mzee wangu, ikibidi, na wewe nitakutetea."

Sijui Jumatatu itaamua nini, na naandika haya nikiogopa, kwa ajili ya watu wawili sasa. Somo nililopata ni hili: sheria haitembei peke yake kumfuata mnyonge. Inamfikia pale mtu mwoga anapokubali kusimama kando ya mwoga mwenzake, na wakili wetu alikufa akiwa bado anawatafuta watu wa namna hiyo.