Mpagazi Aliyebebwa

Mtu akiniuliza mbona naongea peke yangu jioni, namwambia nina mgeni. Akicheka, shauri yake.

Niliumia mguu tukilima shamba la kijiji huko Masanze, mwaka ule tuliohamishiwa kijiji kipya chenye nyumba za kupangwa mistari. Jembe la mwenzangu lilinipata kisiginoni. Nikafunga kitambaa, nikaendelea na kazi, maana mwenyekiti alikuwa anatutazama na mimi sipendi kuitwa mvivu. Kidonda kikatunga usaha, homa ikapanda, nikapakiwa kwenye trekta hadi hospitali. Nilidungwa sindano za penisilini mpaka kukaa nikashindwa.

Kitanda cha jirani alilala mke wa kibarua wa reli kutoka Kidete. Mwiba wa kambale ulimchoma kiganja, mkono ukavimba hadi begani. Yeye Mnyamwezi, mimi Msagara. Basi, watani. Babu zake walipita kwetu na mizigo ya watu kichwani wakienda pwani, wakala kwetu, wakalala kwetu, na utani ukazaliwa humo. Hatukuulizana hali. Alinipokea kwa kusema mguu wangu unanuka, na ukikatwa ndala moja ni yake.

Daktari alisema homa itamshinda asipokunywa. Uji wa hospitali hakuutaka. Mumewe alibembeleza, manesi wakabembeleza, yeye akageukia ukutani. Mimi nikamwambia, "Kufa basi, Mnyamwezi. Ila utajibeba mwenyewe, nyie si wapagazi?"

Alicheka mpaka akakohoa, akasema hanipi raha hiyo, akashika kikombe kwa mkono mzima. Toka hapo ndiyo ikawa dawa yake. Uji ukija namtukana, naye anakunywa apate nguvu ya kunijibu. Homa ikaanza kushuka.

Kisha akaja nesi mpya, binti aliyelelewa bweni la misheni tangu mdogo. Alitusikia tunatakiana vifo, akashika mdomo. Kwake ile ilikuwa laana. Nilimweleza kwamba huyu ni mtani wangu, akasema kifo hakitaniwi. Akamhamishia kule mwisho wa wodi, nyuma ya pazia la kijani. Nilifoka sana, lakini mguu wangu ulikuwa umeinuliwa juu ya mito, ningefika wapi? Hakuwa na roho mbaya, binti wa watu. Alidhani anatuokoa sote wawili.

Uji ulipokuja nilimtukana kutoka kitandani kwangu kwa sauti yangu yote. Nesi akaja kuninyamazisha. Kutoka kule nikamsikia mwenzangu akiita, "Msagara, umelala?" Nikajibu sijalala, kunywa. Sijui kama alinisikia. Vikombe vyake vilirudi vimejaa, nikiviona vikipita mbele yangu kwenye sinia, uji umeganda ngozi juu. Akaendelea kuita, umelala, umelala, sauti ikazidi kuwa ndogo, halafu sikuisikia tena. Moyo uliniuma, na unaniuma hadi leo.

Walimpitisha asubuhi kwenye machela, wanaume wawili, mumewe nyuma. Wengine hulia msibani, lakini mtani ana kazi yake, na kazi yangu niliijua. Nikajiinua kitandani nikasema, "Mpagazi gani wewe, unabebwa?"

Nesi alinitazama kama aliyeona shetani. Lakini yule mume alisimama, akacheka huku machozi yanamtoka, akarudi nyuma ya lile pazia. Alipotoka alikuwa ameshika ndala za mkewe. Akaziweka chini ya kitanda changu, zote mbili, akanishukuru, akaifuata machela. Hapo ndipo nesi alipoelewa. Alikaa kwenye kile kitanda kitupu cha jirani akalia, na mimi sikumbembeleza.

Niliruhusiwa kurudi nyumbani na miguu yangu yote. Ndala zile sijazivaa hata siku moja. Ziko mlangoni kwangu, na wajukuu wanajua haziguswi. Jioni nikikoroga uji namsikia, sauti ile ile ndogo, Msagara, umelala? Najibu sijalala, Mnyamwezi. Namwekea kikombe kando ya ndala zake na kumtukana kwa matusi yote ninayoyajua, na kila asubuhi nakikuta kimejaa, kimeganda ngozi juu.