Msonge wa Sogokuru

Enzi zetu nyumba haikuwa na kona. Ukimkosea mama ukakimbilia ndani, hukuwa na pa kujibanza. Ulizunguka nguzo ya kati mpaka achoke au acheke. Ndivyo tulivyokulia ukimbizini Karagwe, Tanzania, mimi na kaka yangu Kalisa, katika msonge aliojenga babu yetu, Sogokuru, kwa mtindo wa kwao Rwanda.

Nyasi zake ziliteremka kutoka kileleni hadi karibu na ardhi, kwa hiyo hata mgeni mwenye cheo aliingia ameinama. Ndani palinukia moshi na maziwa. Ukuta wa matete yaliyosukwa ulikitenga kitanda cha wazee. Sisi watoto tulilala chini, miguu kuelekea motoni, na nyuma ya fito ndama wakitupumulia. Mvua ikinyesha hukuisikia kabisa. Asubuhi ulishangaa kukuta tope.

Kila kiangazi Sogokuru aliezeka upya palipooza. Kalisa alipanda juu, mimi nikimrushia matita ya nyasi, na nusu yake yakimwangukia mama. Majirani walikuwa wameshahamia kwenye mabati, na baba akaanza kuona haya. Siku moja akanunua mabati, akayapanga uani. Sogokuru aliyatazama kwa muda.

"Nyasi hudumu miaka miwili, mwanangu," akasema. "Haya yatadumu ishirini. Unataka nikae huku miaka ishirini?"

Baba akayatumia mabati kuezeka banda la kuku.

Sogokuru alikaa zaidi ya hiyo ishirini, na akazikwa hukohuko. Sisi tuliporudi Rwanda tuliuacha msonge bila mtu wa kuuezeka. Baadaye Kalisa alikwenda kuutazama, akakuta duara tu ardhini, mahali ambapo majani yameota mazito kuliko kwingine.

Hapa Kigali yeye alijenga Kagarama, mimi Kagugu. Kila Jumapili baada ya misa alinipigia simu, na hatukukosa kubishana juu ya nyumba ile. Yeye alisema ndama walilala kushoto kwa mlango. Mimi nilisema kulia. Tulibishana hivyo miaka mingi, wajukuu wakitucheka. Mwaka jana Kalisa akafariki. Wengine wote waliolala mle walikuwa wametangulia.

Mwezi uliopita mjukuu wangu alinipeleka kwenye makumbusho kuona msonge uliojengwa kwa mtindo wa zamani. Alijipiga picha mlangoni zaidi ya kumi, kisha akaniuliza tulikuwa tunachaji simu wapi. Nikacheka, nikainama, nikaingia. Ulikuwa safi mno. Hakuna kilichonukia.

Kijana anayetembeza wageni akatuonyesha kwa fimbo: hapa wazee, hapa moto, na ndama hapa, kushoto. Mkono wangu ulikwisha kuingia mkobani kutafuta simu, nimwambie Kalisa ameshinda, ndipo nikakumbuka.

Nikamwambia kijana kwamba kwetu walilala kulia.

"Iko sawa, mama," akajibu, akaihamisha fimbo upande wa pili.

Vijana wa leo wana adabu, siwezi kuwalaumu. Zamani tungebishana mpaka uji upoe, kila mmoja akiapa kwa jina la bibi. Siku hizi nikisema lolote kuhusu nyumba ile, kila mtu anakubali.