Mkuki wa Jeska na Mzigo wa Kichwani

Hapa Chemchem, mjini Tabora, Bi Mwamvita anajulikana kwa mambo mawili: kushona magauni ya harusi na kutoambilika. Mimi Kulwa, jirani yake, yote mawili yameshanikuta. Jumapili mchana hufunika cherehani yake, akafuta meza ya kukatia vitambaa, tukacheza msafara.

Mchezo wenyewe ameubuni yeye. Kila mchezaji ana mpagazi wake, kamwandika kwenye daftari: jina, silaha, pointi za uhai. Bi Mwamvita anasimulia safari ya kuleta chumvi Tabora kutoka Uvinza, sisi tunasema wapagazi wetu wanafanya nini, na dadu mbili zinaamua kama wamefaulu. Wanyang'anyi wakitokea, tunapigana kwa zamu.

Kilichotuharibia mchezo ni upinde. Mimi nilichagua upinde. Mustafa, fundi baiskeli, naye upinde. Tulikuwa tunawamaliza maadui wangali mbali, huku tunacheka. Mwalimu Jeska peke yake alishika mkuki, kwa sababu babu yake alikuja na mkuki kutoka Burundi na hadi leo uko nyuma ya mlango kwao Usoke. Miezi mitatu mpagazi wake hakumgusa adui hata mmoja. Akifika, vita vimekwisha.

Bi Mwamvita aliwahi kuuongezea mkuki nguvu maradufu. Siku hiyohiyo mimi na Mustafa tukatupa pinde, tukashika mikuki, bila haya. Akaifuta kanuni ile kwa hasira mpaka karatasi ikatoboka.

"Bi Mwamvita, mimi nikitoka misa ya kwanza nakimbilia basi," Jeska alisema mwishowe. "Nakuja kuwatazama wenzangu wakicheza. Jumapili ijayo ndiyo yangu ya mwisho."

"Si uchukue upinde, mwalimu?" Mustafa akamwambia.

"Siutaki."

Mimi ninayemjua Bi Mwamvita nikaona imemuuma. Bila Jeska tungebaki wachezaji wawili, tena wenye silaha moja. Mchezo wake ungekufa.

Jumatano yake nilikuwa barazani kwangu nikamwona anarudi sokoni, robota la vitambaa kichwani, mwavuli mkononi. Mbwa wa jirani akamrukia. Mama wa watu hakutua mzigo. Shingo wima, mkono mmoja juu ya robota, wa pili ukamshushia mbwa mwavuli, pa! pa! Mbwa akatimua mbio. Kisha Bi Mwamvita akasimama katikati ya njia akicheka peke yake, nikadhani jua limempata.

"Kulwa! Ningekuwa na upinde ningefanyaje?"

"Ungetua mzigo kwanza."

"Enhee!"

Jumapili akatusomea kanuni mpya. Mpagazi ana mzigo kichwani. Upinde unataka mikono miwili, kwa hiyo zamu ya kwanza ya mpiga mishale ni ya kutua, na mzigo uliotuliwa unaweza kuporwa. Mkuki unataka mkono mmoja, kwa hiyo mwenye mkuki anapiga palepale.

"Huku ni kumpendelea mwalimu," Mustafa akanuna.

"Chumvi ilikuja Tabora yenyewe?" Bi Mwamvita akamuuliza. "Haya, wanyang'anyi saba wametoka vichakani, hatua tano tu."

Mimi na Mustafa tukatua. Jeska akarusha dadu: kumi na moja! Mmoja chini. Wawili wakaukamata mzigo wangu wa chumvi, na Jeska akarusha tena: kumi na mbili! Wakauachia. Akasimama, kiti kikaanguka, sote tukapiga kelele mpaka wapita njia wakachungulia. Zamu iliyofuata akaumizwa, uhai ukabaki pointi mbili, lakini sasa mishale yetu ilikuwa inapita juu ya bega lake. Saba wote wakalala. Chumvi haikupungua hata kiganja. Nilifurahi kana kwamba mkuki ni wangu.

Hatujakaa vizuri, Bi Mwamvita akaleta kundi la pili. Mustafa hakugusa hata dadu. Huyu ambaye haombi msaada hata kuinua pikipiki, akamgeukia Jeska.

"Mwalimu, tafadhali, simama mbele yangu nitue mzigo."

"Nipo, kaka. Tua."

Tulifika Tabora na mizigo yote. Jeska akakunja daftari lake, akaliweka kwenye mkoba, na mlangoni akageuka.

"Jumapili ijayo," alisema, "basi likichelewa msianze bila mimi."