Maswali ya Mama Mkwe

Saa tatu asubuhi maji yalikuwa yamepata vuguvugu, na kila mwanamke aliyekaa sebuleni alijua nani angeyamwaga. Isipokuwa wifi. Wifi alisimama kwenye mlango wa chumba ilimolazwa maiti ya mama yake, mkono mmoja huku na mwingine huku, kama mtu anayezuia mbuzi.

"Wewe hupiti. Mama alikataza usimwoshe."

"Alikataza lini?"

"Alikataza. Inatosha."

Mgeni akatua ndoo. Mgeni lilikuwa jina la utani alilopewa na marehemu, mama mkwe wake, siku alipoolewa katika nyumba ile, akiwa na miaka kumi na tisa, shahada ameitamka juzi yake mbele ya mashahidi wawili. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe alipewa kweli, tena na mpini wake. Ila ugeni hakuvuliwa kwa miaka ishirini na miwili.

Kutwa alifua mashuka ya hospitali. Jioni, watu wakishajaa sebuleni, mama mkwe alimwita asimame katikati ya zulia.

"Mgeni wetu, hebu tusikie. Nguzo za Uislamu ngapi?"

Tano, mama. Shahada, sala, zaka, saumu, na hija kwa mwenye uwezo.

"Na za imani?"

Sita. Kumwamini Mungu mmoja, malaika wake, vitabu vyake, mitume wake, siku ya mwisho, na kudra yake, ya heri na ya shari.

Mtoto wa madrasa huulizwa hivyo mpaka ahitimu. Yeye aliulizwa mpaka mvi zikamtoka, na wote waliokaa pale walijua kinachongojwa: akosee.

Mara moja tu alijibu zaidi ya alichoulizwa. Mama mkwe alikuwa akisimulia mwanzo wa dini: Mtume yuko peke yake pangoni, malaika anamjia na kumwamuru asome, naye anasema yeye si msomaji. Anabanwa, anaamriwa tena. Anarudi nyumbani akitetemeka, anaomba afunikwe, na Bi Khadija anamfunika, anamwamini kabla ya watu wote.

"Sasa wewe uliyesilimu kwa ajili ya ndoa," mama mkwe akamgeukia, "haya utayaelewa?"

"Naelewa, mama. Bi Khadija naye alisilimu ukubwani. Tena akiwa ndani ya ndoa."

Sebule nzima ilitafuta pa kutazama. Mwaka mzima mama mkwe hakumsemesha, ila kwa kazi.

Na kazi yenyewe ilikuwa maiti. Mama mkwe ndiye aliyeosha wanawake wa mtaa. Binti yake wa kumzaa aliogopa wafu, hata jeneza tupu lilimkimbiza. Basi ndoo, kafuri na sanda vikabebwa na Mgeni. Alibeba, akatazama, akakosolewa kwa makofi ya mkononi, akajua. Mwosha wa mtaa wa pili alikuwa safarini, na mazishi ni baada ya adhuhuri. Akirudishwa leo kwenye mlango huu, mbele ya macho haya, hukumu imeshatoka: hata maiti imeukataa Uislamu wake.

Wifi akaingia na jirani mmoja mzee, pazia likashushwa. Mgeni hakuondoka. Alisimama akasikiliza maji.

"Mmeanza upande gani?"

 Sauti ya jirani ikajibu: "Kushoto."

"Anzeni kulia. Na kwanza mtawadheni. Mmemtawadha?"

"Nani kakuita?" wifi akafoka.

"Aliyenifundisha ni mama yako. Kama una ubishi, bishana naye, huyo hapo mbele yako."

Mmoja wa wanawake sebuleni alicheka, akageuza kicheko kuwa kikohozi.

Basi Mgeni akamwosha mama mkwe wake kwa mdomo. Msimfunue, maji yapite chini ya shuka. Taratibu, hufui zulia. Maji ya mwisho ndiyo ya kafuri. Kila neno wifi alilijibu kwa tusi dogo, na kila neno maji yalilitii.

"Zimebaki nywele," jirani akasema.

"Zisukwe mikia mitatu, zilazwe nyuma."

Kitana kikaanguka sakafuni. Kikaokotwa, kikaanguka tena. Pazia likafunguka kiasi cha uso. Macho ya wifi yalikuwa makavu na mekundu.

"Ingia. Usidhani nimekupenda."

"Sikuja kupendwa. Sogea, unanizibia mwanga."

Alikaa kichwani pa marehemu. Nywele zilikuwa chache, nyeupe, laini kuliko alivyodhani. Alitafuta msamaha moyoni kama mtu anayepapasa ufunguo mfukoni, hakuupata, akaendelea kusuka. Alijua kinachomngoja huyu mama, kwani mama mwenyewe ndiye aliyemfundisha: malaika wawili watamketisha kaburini wamuulize. Nani Mola wako? Ipi dini yako? Nani Mtume wako? Hataulizwa amezaliwa na nani.

Akainama, akanong'ona.

"Unamwambia nini mama yangu?" wifi akauliza.

"Namwambia leo ni zamu yake. Asikosee."

 Wifi akamsogezea kafuri ya kupaka kwenye paji la uso, kwa mkono wa kushoto. Mgeni akaipokea kwa wa kulia.