Dawa Ina Mwenyewe

Nakumbuka siku moja niliwekewa kidonge kwenye kisahani, mwanangu, nikaambiwa nionje. Ndiyo, nionje, kama mtu anavyoonja rubisi kabla ya kumpa mgeni. Kwetu huku ukimkaribisha mtu pombe ya ndizi, funda la kwanza unapiga wewe mwenyewe, mgeni aone umemeza na bado unacheka, ndipo naye apokee. Ni desturi nzuri, na sitaki umdharau aliyeianzisha, kwani hakuwa mjinga. Lakini siku ile ilikaribia kuvunja ndoa yangu.

Nilikuwa nimeolewa Kanazi nikitokea Kamachumu, mkamwana mgeni ambaye bado watu wanatazama anavyoosha sufuria. Ilikuwa miaka ya ujamaa, asubuhi tunakwenda shamba la kijiji, jioni kila mtu anarudi kwenye kibanja chake kuangalia migomba na mibuni. Mume wangu alikuwa na kazi bandarini Bukoba, nasi tulimwona mwisho wa juma tu. Nyumbani tulibaki mimi, mamamkwe wangu Ma Kemilembe, na wifi yangu Paskazia, ambaye ndoa yake ilikuwa imemshinda akarudi kwao. Paskazia aliweza kushuku hata chumvi. Simcheki sana, maana hata mimi kushuku sikufundishwa na mtu.

Ma Kemilembe, ambaye nami nilimwita Mama, alikuwa akiumwa upande mmoja wa uso. Walidhani ni jino, wakamng'oa, kisha wakang'oa la pili, na maumivu yakabaki palepale yakimsubiri. Upepo ukimgusa shavu, au akitafuna ndizi hata ikiwa laini vipi, alishtuka kama aliyechomwa na kaa la moto, machozi yakamtoka bila kulia. Upande ule hakuwa akiunawa. Kijiji kizima kilikuwa na maelezo yake, huyu anamtaja jirani wa bondeni, yule anataja deni la marehemu baba, na kila maelezo yalikuja na mtu wa kuchukiwa.

Mume wangu akampeleka hospitali mjini. Daktari akasema ni mshipa wa fahamu, wala hakuna aliyemtupia kitu. Akampa vidonge, akaeleza kwamba aanze na kidogo, aongeze polepole, na kwamba vitamletea usingizi na kizunguzungu. Maelezo yale aliyasikia mume wangu, akanipa mimi nusu yake, akawahi kazini. Kwa kuwa nilikuwa nimesoma kidogo, nikakabidhiwa dawa.

Maumivu yakapungua, hilo halikuwa na ubishi. Mama akaanza kula. Lakini alianza pia kupepesuka, kinywa kikawa kikavu, akawa analala katikati ya rozari huku mdomo uko wazi. Jioni moja aliinuka kwa haraka karibu na mafiga, akayumba, nikamdaka kanga yake ikiwa imeshaanza kunuka moshi.

Paskazia alikuwa mlangoni, ameona yote. "Mama anapona uso, anakufa mwili," alisema. "Kikulacho ki nguoni mwako." Na alipotaja nguo aliangalia zangu.

Mwanangu, neno likishatoka hivyo halirudi. Mama naye akaanza kunitazama mkono ninapomletea maji. Kutazama kule kuliniumiza kuliko kama angenitukana. Ndipo asubuhi moja Paskazia akaweka kidonge kwenye kisahani, akakileta sebuleni tulipokuwa tumekaa kwenye nyasi zilizotandikwa, akasema, "Wifi, pombe huonjwa. Hii nayo ionje, mama aone."

Ningeweza kukataa. Lakini ujana una kiburi chake, nami nilijua sina hatia, nikakimeza mbele yao huku nimeinua kidevu. Kisha nikachukua jembe nikaenda kwenye migomba.

Jua lilipopanda nilianza kuona migomba imeongezeka. Miguu ikawa si yangu. Nikakaa chini kidogo nipumzike, nikalala palepale kwenye majani makavu, usingizi mzito ambao hata sisimizi hawakuuweza. Paskazia aliponikuta akapiga yowe. Majirani wakaja mbio, wakanikuta nikijaribu kusema na ulimi haunitii. Ushahidi ulikuwa umelala pale, mwanangu, na ushahidi wenyewe ni mimi.

Dawa ikafungwa kwenye kitambaa ikafichwa. Nikaambiwa nifungashe sanduku langu, mume wangu akirudi atanipeleka kwetu. Unaelewa maana yake? Kurudi Kamachumu na jina la mlisha sumu. Nilikuwa na wadogo zangu wa kike watatu nyumbani, na nani angeoa katika nyumba hiyo? Nililia mpaka nikaona aibu. Na Mama, ambaye aliachishwa dawa ghafla, maumivu yakamrudia kwa hasira. Alikaa amejifunika shavu na kanga, hali, hasemi, anaguna tu. Nilisikia mguno ule nikiwa nafunga sanduku na sikuruhusiwa kumkaribia.

Mume wangu alipofika na kusikia habari, hakunipeleka kokote. Alimwita balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Ishengoma. Alikuja moja kwa moja kutoka shamba la kijiji, matope bado miguuni, akasikiliza upande wa Paskazia mpaka mwisho, kisha wangu. Akaomba kikombe cha rubisi, mume wangu akakileta, akaonja kwanza kama ipasavyo.

"Umeonja kwa nini?" mzee akamuuliza.

"Ili ujue ni salama, waitu, mzee wetu."

"Ni salama kwa sababu wewe nami kiu yetu ni moja. Pombe ni ya mwenyeji na mgeni, kwa hiyo mmoja anaweza kumwonjea mwenzake. Dawa ina mwenyewe. Huyu binti hana ugonjwa wa mama yenu, nanyi mmemlisha dawa ya mama yenu. Mlitaka imwambie nini?" Akamgeukia Paskazia. "Na wewe shaka yako ni kweli kabisa. Mama anapepesuka, tumeona sote. Ila umeipeleka kwa mkamwana. Mkamwana ndiye aliyetengeneza vidonge? Kaipeleke kwa aliyetoa dawa."

Akanigeukia na mimi, nikidhani sasa nitapewa pole. "Na wewe, ukiambiwa uruke kisimani ili tujue maji ni masafi, utaruka?"

Nikaenda kulifungua sanduku langu.

Tukapanda basi kwenda mjini wanawake watatu, Mama katikati amejifunika uso, Paskazia amekumbatia kile kitambaa chake. Mbele ya daktari alikifungua kama anayemfungua nyoka. Yule daktari hakukasirika. Alisema usingizi ule ulikuwa wa dawa wala si wa sumu, na kwamba dozi ilipandishwa haraka mno. Nilitazama sakafu, kwa sababu mimi ndiye niliyepandisha, nikifuata ile nusu ya maelezo. Kisha akamuuliza Mama kama anakunywa pombe.

"Pombe sinywi," Mama akasema.

"Na rubisi?"

"Rubisi si pombe, mwanangu. Ni chakula."

Hata Paskazia alicheka. Daktari akasema chakula hicho na vidonge hivi havilali nyumba moja, vikikutana humwangusha mtu. Akapunguza dozi, akasema sehemu kubwa anywe wakati wa kulala, asiinuke kwa ghafla, asikae peke yake karibu na moto, awe anakunywa maji kinywa kinapokauka. Akikatiza dawa ghafla ataumia zaidi. Na akitokewa na vipele au homa tusingoje, turudi upesi. Safari hii tulisikiliza watatu, na Paskazia aliuliza maswali mengi kuliko sisi sote. Ile shaka yake ilikuwa imepata kazi ya kufanya.

Usifikiri kuanzia hapo Mama aliniamini. Hapana. Kila jioni aligeuza kidonge upande huu na upande ule ndipo akimeze, nami moyoni nilikuwa nakereka. Miaka ikapita hivyo. Siku moja nikarudi na dawa kutoka mjini, nikampa na maji yake kama kawaida. Akageuza. Akageuza tena, akakirudisha kiganjani mwangu.

Nilikasirika. Nilisema kimoyomoyo, mwanamke huyu atakufa akinishuku.

"Mkamwana," akasema, "hii siyo yetu. Twende tukaulize."

Tulienda. Na kweli, mwanangu, nilikuwa nimepewa vidonge vya mtu mwingine. Wakatubadilishia, wakatuomba radhi. Njiani kurudi nilikuwa nimemshika mkono kwa sababu ya kile kizunguzungu chake. Jioni ile alinawa uso wote, pande zote mbili, nikimshikia bakuli.

Sasa na mimi miguu inaniwaka usiku, nimepewa vidonge vya mishipa, na ninavishuku kila siku. Nasikia nawe umepewa vyako, na kwamba unataka kuvitupa kwa sababu vinakulegeza. Sikuambii uache kushuku. Kuuliza si ujinga, na mwili ni wako. Lakini usivitupe kimyakimya, usimpe jirani avijaribu, usichanganye na pombe hata ukiiita chakula. Andamana na mtu mwingine ukasikilize maelezo yote, siyo nusu. Mwambie daktari kila kinachokusumbua, hata kile cha aibu, kwa maana mficha maradhi kilio humfichua. Na anayekuletea maji usimgeuze mshitakiwa, mwite muende naye mkaulize.

Mungu akutulizie mishipa, mwanangu. Akupe usingizi ambao ukiamka unajijua. Na kila unapoinuka ukayumba, akuweke karibu na mkono wa mtu.