Kadi ya Kutibu Viazi

Nichekeni, lakini nisikilizeni kwanza. Mimi ni karani Njombe mjini. Juzi nilikwenda Makambako na mke wangu kununua kadi ya grafiki ya kompyuta. Nilimwambia ni ya kujifunzia akili mnemba: nitaifundisha mashine itambue ugonjwa wa viazi kwa kutazama picha ya jani. Haukuwa uongo. Ila nilitaka na gemu pia.

Muuzaji akauliza, "Unataka ya gemu au ya akili mnemba?"

"Ya masomo," nikajibu kwa sauti, huku nikimkonyeza. Akaelewa. Akanipa yenye memori kubwa, inayofaa kwa yote mawili.

Mke wangu, kwa fahari, akampigia simu baba yake kule Uwemba. Jumapili baada ya misa mzee akafika kwetu Mjimwema na wakulima wenzake, wamebeba mfuko wa majani ya viazi yaliyonyauka.

"Mkwe, tunaomba mashine iyaone," akasema, akivua kofia.

Masomo yenyewe sikuwa nimeyagusa. Nikaona niwashe tu, halafu nisingizie mtandao. Kumbe jana yake sikuizima kompyuta, niliilaza tu. Skrini ilipowaka, gemu likaendelea pale lilipoishia. Risasi zikarindima sebuleni, wazee wa watu wakajificha nyuma ya kochi.

Nilipofanikiwa kulisimamisha, baba mkwe akavaa miwani, akasogea, akasoma polepole jina la mchezaji: "Mu-u-a-ji wa Ma-ka-mba-ko." Akamgeukia binti yake. "Huyu ni nani?"

"Baba," mke wangu akajibu bila kunitazama, "huyo ni mkwe wako."