Mkwe Aliyelala Jikoni

Mume wangu alipopunguzwa kazini nilijua tutapungukiwa na mengi, ila sikufikiri tutapungukiwa na mahali pa yeye kulala. Na mahali palikuwepo. Kitanda kilikuwepo, cha mninga, kipana, na godoro juu yake. Yeye ndiye aliyekikataa.

Tulikuwa tumepanga vyumba viwili Iyunga, Mbeya, sisi wawili na binti zetu wawili. Yeye alikuwa fundi wa mashine katika kiwanda kimoja huko huko, kazi aliyoifanya tangu kabla hatujaoana. Wenye kiwanda walinunua mashine mpya, na mashine mpya zikaja na mafundi wake. Wiki mbili za mwanzo aliniambia nisiwe na wasiwasi, watamwita tu, kwa sababu zile mashine za zamani hakuna mwingine anayezijua. Nikamuuliza za zamani ziko wapi. Akasema zimeuzwa chuma chakavu. Alisema hivyo bila kucheka, na mimi nikaenda kuanika nguo ili nisiseme kitu.

Kodi ilipokaribia kwisha nikaamua turudi kwetu, Kilolo. Nyumba ya wazazi wangu ilikuwepo, haina mtu. Hiyo nyumba naijua kuliko ninavyojua kitu chochote. Nilikuwa kidato cha pili baba alipofariki, na mama akamfuata mwaka ule ule. Niliacha shule nikalima viazi na njegere, nikawalea mdogo wangu wa kiume na wa kike humo humo mpaka kila mmoja akapata njia yake. Hata nilipoolewa nilikuwa narudi kila mwaka kupiga chokaa na kuziba bati. Ufunguo ulikaa kwa mama mdogo, mdogo wake mama, aliyeolewa nyumba ya tatu kutoka kwetu.

Mume wangu hakupinga. Tulifika mwezi wa tano, ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba, na yeye alishusha mizigo yote bila kulalamika. Lakini niliona kitu. Kila mzigo aliufikisha mlangoni, akauweka kizingitini, nikaupokea mimi. Nilidhani anaona aibu ya viatu vyenye matope. Tulipomaliza akachukua blanketi lake na kigodoro cha mtoto, akaelekea jiko la nje.

Nikamuuliza anakwenda wapi.

“Kulala,” akasema. “Kwa mama mkwe silali.”

Nikamwambia mama mkwe wake amefariki kabla hata hajamjua. Akajibu kwamba nyumba bado ni yake.

Kwao upande wa Rungwe na kwetu pia, mkwe na mama mkwe wana mipaka yao. Hilo nalijua, nimekulia humo. Mkwe hapiti ovyo mbele ya mama mkwe, hakai naye mezani. Lakini siku hizi wakwe wa kijiji chetu wanalala kwa mama wakwe zao, wanaoga maji waliyochemshiwa, wanaangalia mpira sebuleni na miguu juu ya meza. Nilimtajia wawili watatu. Akasema hao ni hao.

Ndipo nilipokumbuka kwamba katika miaka yote ya ndoa hakuwahi kulala Kilolo. Akinisindikiza, anasalimia uani, anakunywa chai uani, halafu anashuka Iringa mjini kulala kwa mdogo wangu, mwalimu. Alikuwa akisema kesho ana kazi. Nami nikawa nawatambia watu jinsi mume wangu anavyojali kazi.

Basi mkwe akalala jikoni. Nieleze ilivyokuwa, maana watu wakisikia wanacheka na kuona jambo dogo. Jiko letu ni la tofali mbichi, mawe matatu katikati, kuku pembeni. Asubuhi nikitaka kuwasha moto lazima niruke miguu yake. Nikimwamsha anakaa na blanketi begani kama mgeni aliyefika na basi la usiku, anakohoa moshi, na mimi nakoroga uji nikiwa nimekasirika. Chakula anakula mlangoni mwa jiko. Ikifika mwezi wa sita Kilolo baridi si ya mzaha. Maji ya kwenye ndoo ni kama unayavunja kwa mkono kwanza ndipo unanawa, hata kama barafu haipo. Binti yetu mdogo alinuna akauliza kwa nini baba analala na kuku wakati yeye alikatazwa. Nikamwambia akamuulize baba yake. Akaenda, akarudi, akasema baba amesema kuku ni watu wazuri.

Mdogo wangu mwalimu alikuwa akinipigia simu kila Jumamosi, nami nikipanda kilimani kwenye mtandao kuipokea. “Dada, shemeji bado mnamkausha?” Akisema hivyo anacheka mpaka simu inakoroma. Ni kweli alikuwa ananuka kama kambale wa moshi. Jumapili kanisani watu waligeuka kuangalia nani ameingia na moshi.

Ningevumilia jiko kama angekuwa anafanya kitu mchana. Kila asubuhi alipanda kilima nyuma ya kanisa, ambako ndiko simu inashika mtandao, akakaa juu ya jiwe kusubiri kiwanda kimwite. Mashine ya kusaga ya kijiji iliharibika, wanawake wakawa wanabeba mahindi hadi kijiji cha pili. Wakaja kumwomba. Akaenda, akaifungua, kabla ya saa sita ikawa inaunguruma. Mwenye mashine akamwomba abaki aisimamie. Mume wangu akamshukuru, akasema kwa sasa hawezi, kuna simu anasubiri. Nilisimama pale na debe langu la unga, nikatamani kulimwaga.

Simu ikaja kweli, ila si ya kiwandani. Mtu aliyewahi kufanya naye kazi alikuwa Chunya, kwenye mashine za kusaga mawe ya dhahabu. Akasema fundi anahitajika, aje haraka. Mume wangu alishuka kilimani akitembea kama zamani. Akaanza kukunja nguo zake.

Hapo sikuwa na hasira tena, nilikuwa na hofu, na hofu yangu ina sababu. Jirani yetu wa Iyunga mume wake alikwenda Chunya kwa miezi mitatu. Mwanzoni alikuwa akipiga simu, baadaye akawa anapigiwa, baadaye simu ikawa haipatikani, na yule mwanamke mpaka tunahama alikuwa bado anawaambia watoto baba yuko njiani. Mimi niliondokewa na watu wawili mwaka mmoja, nikashika nyumba. Naweza kushika nyumba. Ndiyo maana sikutaka tena kuwa mtu wa kuishika peke yangu.

Nikamfuata jikoni, nikakaa juu ya kinu. Nikamwambia kwamba mwanamume mwenye mke na kitanda hawezi kukimbilia Chunya kulala kwenye turubai. Akaendelea kukunja shati. Nikamwambia basi aseme ukweli kwamba kunikimbia ndiko anakotaka.

Akaweka shati chini.

“Nyumba hii sijawahi kukaribishwa,” akasema. “Nilipokuwa na kazi nilijificha kwenye kazi. Sasa kazi sina. Niingie kama nani?”

“Kama mume wangu.”

“Mume wako ni nikiwa kwetu. Hapa ni mkwe. Na blanketi la mama mlilifuta.”

Ilibidi anikumbushe. Walipokuja kuniposa, baba mdogo aliandika orodha ya mahari kama ilivyo desturi, na ndani yake kulikuwa na blanketi la mama. Hilo ndilo mkwe analomkabidhi mama mkwe, na kwa hilo anafunguliwa mlango. Mimi, mkubwa wa nyumba, niliyekuwa nimezoea kuamua kila kitu kuanzia mbegu hadi sare za shule, niliomba ile karatasi ndani kabla haijapelekwa kwa wageni, nikalikata blanketi kwa kalamu. Nilisema mama hayupo, tusimtwishe kijana wa watu mzigo bure. Wazee hawakubisha, labda walinihurumia. Nilijiona muungwana. Kwa miaka mingi nimewasimulia wanawake wenzangu jambo hilo ili wajue kwamba mimi si mtu wa tamaa.

“Mimi nilikuwa nimeshalinunua,” akasema.

Nikamuuliza alilipeleka wapi.

Akalivuta lile alilokuwa anajifunika, la bluu lenye mistari ya kahawia, akaliweka magotini. Tumelala chini ya blanketi hilo tangu mwezi wa kwanza wa ndoa. Nimejifungulia watoto wawili juu yake. Lilikuwa na tundu la kaa la moto upande mmoja, na moshi wa wiki sita.

“Na hukusema.”

“Nilisubiri uniulize.”

Natamani niandike kwamba nililia. Sikulia. Nilimwambia kwamba ni mtu wa ajabu sana, kwamba mdomo Mungu hakumpa kwa ajili ya kula tu, na mengine ambayo sitayaandika. Halafu nikatoka nikaenda kwa mama mdogo, kwa sababu sikujua mahali pengine pa kwenda.

Mama mdogo alikuwa anachambua maharage. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaendelea kuchambua.

“Siku ile mimi nilikuwepo,” akasema. “Nilikaa pale ndani na kitenge kipya. Nani alipaswa kupokea blanketi la dada yangu?”

“Wewe, mama.”

“Mbona hukuniuliza? Wewe ulijifanya baba, mama na mjomba kwa siku moja. Mwanangu, umetulelea vizuri nyumba, lakini hata sisi wengine tulifiwa.”

Maneno hayo alikuwa amekaa nayo tangu niolewe. Yeye na mume wangu walikuwa wamekaa kimya, kila mmoja na lake, na mimi katikati nikipiga chokaa.

Nikamwambia tutafute blanketi jipya, nitamwomba mdogo wangu alete kutoka mjini. Akakataa. Akasema mkwe ameshanunua, na mkwe hanunui mara mbili. Nikamwambia lina tundu. Akasema dada yake hakuwa mtu wa kuchagua.

Jioni ile alivaa kile kitenge cha siku ile, kimepauka kidogo, akaja akakaa kwenye kitanda cha mama. Mimi alinitoa nje, nikachungulia dirishani. Mume wangu alivaa koti, akasimama kizingitini macho chini, blanketi limekunjwa mikononi kama nguo ya ubatizo. Binti zangu walikaa juu ya ndoo uani kuangalia. Aliligusisha sakafu, akalisukuma ndani. Mama mdogo akalipokea, akalinusa, nikasikia anapiga chafya. Halafu akalitandaza kitandani, akaupapasa upande wenye tundu.

“Mkwe,” akasema, “ingia ndani, kuna baridi. Mwanangu huyu ana kichwa kigumu lakini miguu yake ina joto.”

Akaingia.

Nilidhani atasema neno. Alisimama katikati ya chumba, akaangalia juu, akasema bati la kona ile limepigwa misumari vibaya, nani alilipiga. Nililipiga mimi. Nikamwambia apande mwenyewe alipige upya.

Kesho yake alipanda, akalipiga upya. Nguo zake zilibaki zimekunjwa juu ya sanduku siku nne, na siku hizo zote nilipita karibu nazo bila kuziangalia. Siku ya tano nilizikuta zimetundikwa msumarini, na yeye yuko mashine ya kusaga, mweupe kichwa kizima kwa unga. Mtu wa Chunya nadhani alipiga tena. Lakini nyumba ya mama iko bondeni na simu haishiki kitu humo ndani, na mume wangu sasa hatoki kitandani asubuhi mpaka uji uive.

Blanketi nimelifua mara tatu kwa sabuni ya unga na bado linanuka moshi. Nimesema litumike kufunikia viazi. Anasema haiwezekani, ni la mama mkwe.